Mwenye Kufungua Tundu la Ndege



Vijana wa darsa yetu, wa Kitui na wa Wote, wametuletea mas'ala ambayo twaona si ya mtu mmoja wala ya mji mmoja. Wameuliza: msimamizi wa kituo cha redio, ambaye yeye mwenyewe hasemi neno hewani, bali huajiri watangazaji, huchagua jambo la kuzungumzwa, kisha huwafungulia wasikilizaji simu wakasema wapendavyo, je, analo fungu katika dhambi ya yasemwayo? Au dhambi ni ya mwenye ulimi peke yake, na huyu ni kama mwenye ukumbi aliyekodisha viti akaenda zake?

Wazee wetu hawakuulizwa swali hili, kwani mtu wa namna hii hakuwako. Neno la mji katika Ukambani lilikuwa likitoka kwa wazee wa nzama, likapita sokoni, na kabla ya kufika kijiji cha pili lilikuwa limekwisha kupozwa na njia. Leo mwanamke apaliliaye pojo zake huko Mutomo ana redio ndani ya simu aliyoifunga katika ncha ya leso, na dereva wa matatu aelekeaye Wote hana sauti nyingine garini ila hiyo. Tangu serikali ilipowafungulia watu binafsi mawimbi katika miaka ya 1990, na Kameme FM ilipoanza mwaka 2000 kutangaza kwa Kikikuyu, makabila makubwa ya Kenya yamepata redio za lugha zao, na Wakamba wanazo kadhaa. Na aliyekaa nyuma ya mlango wa kituo, mwenye kusema leo tutazungumza hili na lile tutaliacha, mara nyingi ni kijana ambaye ndevu zake hazijaingia mvi hata moja. Hakuna chifu aliyepata kuwa na baraza kubwa kama lake.

Wala tusidhani kwamba maneno hayo huishia hewani. Makueni, katika miaka ya Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hata 2022, ilisifika kote nchini kwa mabaraza ya wananchi yaliyoanzia kijijini, watu wakakaa na kuamua fedha za kaunti ziende kwenye bwawa gani na zahanati gani. Mtu huenda katika baraza kama hilo na aliyoyasikia asubuhi. Aliyechagua mazungumzo ya asubuhi amekwisha kukaa barazani kabla ya mwenyekiti.

Hatusemi haya kwa kuichukia kazi hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930 alikuwa hajafikia umri wa miaka 40, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Zilikuwa kurasa chache tu, nazo ziliwakera watu wengi wa wakati ule, maana aliwauliza kuhusu elimu ya watoto wao, na mali waipotezayo katika sherehe, na usingizi waliolala hali wenzao wanakwenda mbele. Lau mwenye chombo angalikuwa wa kulaumiwa kwa kuwa nacho tu, yeye angalikuwa wa kwanza, na sisi tuandikao ukurasa huu tungalikuwa nyuma yake. Na huku kwetu, Nthongoni katika Makueni, redio ya jamii ya Mang'elete ilianza mwaka 2004 kwa juhudi za vikundi vya wanawake, wakulima wa nchi kavu, ili wapate kusikizana juu ya maji na ukulima na afya. Hata vituo vya biashara tumevisikia vikiuliza mambo ambayo misikiti na makanisa yaliyanyamazia kwa aibu: mjane anayefukuzwa katika shamba la mumewe, binti anayenyimwa urithi wa babake. Mwenye kusababisha mazungumzo kama hayo ana ujira wake kwa Mola wake, akijua asijue.

Basi swali limekuja wapi? Limekuja na ngamia.

Wasomaji wetu wa Tseikuru, Ngomeni, Mutha na Endau hawahitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi wafugaji wa Garissa na Tana River huingia Kitui na ngamia wao malisho yanapokwisha, na ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020, ambao misimu mitano ya mvua ilikosa mmoja baada ya mmoja, uliwasukuma wengi zaidi. Mashamba yameliwa, watu wamejeruhiana, wengine wameuawa. Mkulima anayelia kwamba pojo zake zimeliwa ana haki ya kulia. Na Mwislamu aliyewalisha ngamia wake shamba la mtu amedhulumu, wala Uislamu wake haumpunguzii deni hilo hata senti moja. Mwenye shaka na afungue Suratul Anbiyaa asome habari ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Ataona kwamba shauri hili la mkulima na mfugaji ni la kale, na kwamba Mitume hawakuliona dogo.

Lakini tumesikia kwa masikio yetu kipindi cha asubuhi cha kituo kimoja, ambacho hatukitaji jina, kilichouliza hivi: Wageni hawa tutawavumilia mpaka lini? Mpigaji wa kwanza alitaja shamba lake na hasara yake. Wa pili alitaja ngamia. Wa tatu alitaja Wasomali. Wa nne hakutaja shamba wala ngamia, alisema Waislamu. Mtangazaji akacheka, akaweka muziki. Mchana wa siku hiyo ndugu yetu mmoja mwenye duka, aliyezaliwa papa hapa Kitui kwa mama Mkamba na baba Mkamba, na ambaye hajapata kushika kamba ya ngamia maishani mwake, alimsalimu jirani yake wa miaka mingi asiitikiwe.

Tukaenda watu watatu kumwona msimamizi wa kituo. Alitupokea kwa adabu, akatupa viti na chai, akasema, "Sheikh, mimi sikusema neno. Nimefungua simu tu. Watu wana uchungu, na nikiwafungia mlango uchungu hautaondoka. Utakwenda kusemwa mahali ambapo nyinyi hamtausikia." Tukamwambia, "Mwanangu, hili la pili ni kweli. Hili la kwanza tupe muda tulitazame."

Tukalitazama. Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa ghasbi, ametaja mtu aliyefungua tundu la ndege wa mwenziwe. Akifungua na akamshtua ndege, ndege akaruka, mtu huyo yampasa kulipa. Akifungua tu pasipo kumshtua, kauli yenye nguvu ni kwamba ndege akiruka papo hapo atalipa, na akitulia kwanza kisha akaruka, halipi. Tazameni uzuri wa fikra hii. Mabawa ni ya ndege, kuruka ni kwa ndege, na yule mtu hakuruka. Walakini wanazuoni hawakumwachilia kwa hoja hiyo. Waliuliza mambo mawili. Je, alimshtua? Na je, kuruka kule kuliungana na kufungua kwake, au ndege alikaa akaruka baadaye kwa shauri lake mwenyewe?

Mas'ala hayo ni ya mali, nasi twayachukua kwa kulinganisha tu, hatutoi hukumu ya kadhi. Lakini yalipokwisha kusomwa darsani, kijana mmoja alisema, na twaona alisema kweli: neno "mpaka lini" ndilo fimbo iliyopigwa tunduni. Lau kituo kingaliuliza, Shamba likiliwa, mkulima ashitaki kwa nani na alipwe vipi, hapo kingalikuwa kimefungua tu. Yule mpigaji wa nne huenda angalipiga simu na kusema yale yale, kwani ndege wengine huruka hata usipowagusa, na hapo dhambi ingalikuwa yake. Lakini kituo hakikuuliza hivyo. Kilikwisha kuwaita watu "wageni" kabla ya simu ya kwanza kulia, na kilikwisha kuamua kwamba kuvumilia kuna mwisho, kikabakisha tarehe tu. Anayeuliza swali la namna hiyo amesema nusu ya jawabu, kisha hujivua akasema, nimewasikiliza wananchi.

Mambo haya yamepata kufika mahakamani, mahakama kubwa za ulimwengu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambao machafuko yake yaliua watu zaidi ya 1,100 katika nchi yetu, Joshua arap Sang, aliyekuwa mtangazaji na mkuu wa shughuli katika Kass FM inayotangaza kwa Kikalenjin, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Wakati wa uchaguzi ule alikuwa na miaka 32. Upande wa mashitaka ulidai kwamba kipindi chake cha asubuhi, Lene Emet, kilitumika kuchochea watu, yeye akakana. Kesi ilianza Septemba 2013, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliyafuta mashitaka, pasipo kumtia hatiani na pasipo kumtangaza kuwa ameachiliwa kwa kukosa hatia. Basi hatuna haki ya kumwita mkosa, na atakayemwita hivyo kwa kuutegemea ukurasa huu ametusingizia.

Arusha mambo yalikwenda vingine. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio RTLM ya Rwanda, hakuwa mtangazaji; alikuwa mtu wa elimu, mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Mahakama iliyoundwa kwa ajili ya mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani Desemba 2003, na katika rufani ya Novemba 2007 hukumu nyingi dhidi yake zilianguka, lakini msingi mmoja ulisimama, akapewa miaka 30: kwamba alikuwa na mamlaka juu ya watangazaji wa redio ile walipokuwa wakichochea mauaji mwaka 1994, naye hakuwazuia. Hakupatikana kwa neno alilolitamka redioni siku zile. Alipatikana kwa neno la mtu mwingine ambalo angaliweza kulizuia.

Nasi Waislamu hatukungoja Arusha kulijua hili. Kila mtoto wa chuoni anaijua habari ya uwongo aliozuliwa Mama wa Waumini Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie. Imepokewa kwamba waliopigwa haddi kwa uwongo ule ni Hassan bin Thabit, na Mistah bin Uthatha, na Hamna binti Jahsh, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Hao ndio waliotamka kwa ndimi zao. Lakini Suratun Nur imesema kwamba adhabu kubwa ni ya yule aliyebeba sehemu kubwa ya jambo lile, na wafasiri wengi wasema ni Abdalla bin Ubayy. Huyu alifanya nini? Urwa, katika riwaya ya Bukhari, anaeleza kuwa maneno yale yalikuwa yakizungumzwa mbele yake, naye akiyaacha yapite, akiyasikiliza, na akiyachokoa yatoke zaidi. Na Ibnul Qayyim katika Zadul Maad, anapotaja sababu walizozisema watu kwa nini huyu hakupigwa haddi, ametaja hii kuwa moja: kwamba aliyakusanya maneno na kuyatoa katika vinywa vya wengine, yeye asinasibishwe nayo.

Twaomba msomaji asituelewe vibaya. Hatumlinganishi kijana wa redio na kiongozi wa wanafiki. Yule alikuwa na chuki moyoni, na huyu tulimwona, ana haraka tu, na hesabu za mwisho wa mwezi. Tunalolitaka ni hilo umbo la kitendo. Watu watatu walisema, mmoja alisemesha, na Qur'ani imeuweka uzito juu ya aliyesemesha. Haddi ya dunia ilimkosa kwa kuwa haddi hutaka ushahidi wa ulimi, na ulimi wake aliuficha ndani ya ndimi za wenziwe. Kwa hiyo mtu akisema "mimi sikusema neno", amejitoa katika haddi. Hajajitoa katika Suratun Nur.

Iko aya nyingine ambayo wenye kazi hii wangaliiandika mlangoni mwa studio. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amewalaumu watu ambao wakifikiwa na jambo la amani au la khofu hulitangaza hapo hapo, kabla ya kulirudisha kwa Mtume na kwa wenye kulifahamu. Neno la Kiarabu lililotumika hapo la kutangaza ndilo shina la neno letu "idhaa". Lawama haikuja kwa sababu ya kutangaza. Imekuja kwa kutangaza pasipo kituo cha kati, neno likatoka kwa msemaji likaingia kwa watu bila kupita kwa mwenye akili.

Na ajabu ni kwamba kituo hicho cha kati wamekwisha kukitengeneza kwa chuma. Tulipokuwa pale kijana alituonyesha mtambo wa kuchelewesha sauti: neno la mpigaji hungoja sekunde chache kabla ya kutoka hewani, ili msimamizi akiona ni la hatari alikate. Tuliutazama mtambo ule kwa muda, taa yake ikiwaka. Katika sekunde hizo neno limekwisha kutoka kinywani mwa mwenyewe na halijafika sikioni mwa mtu yeyote. Si la msemaji tena, kwani hawezi kulirudisha. Wala si la wasikilizaji. Ni la kijana huyu peke yake, amana mkononi mwake. Likipita, limepita kwa idhini yake. Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 nayo imeliona hili, kwani katika kosa la maneno ya chuki za kikabila haikumtaja msemaji tu, bali imemtaja pia mwenye kutoa, kutengeneza au kuongoza kipindi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Tulimwuliza kwa nini siku ile kitufe hakikubonyezwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno la haki ambalo tunamheshimu kwalo: kwamba simu zikiwa moto, wasikilizaji huongezeka, na wasikilizaji wakiongezeka wenye matangazo hulipa. Hapa ndipo tulipofahamu kwamba mas'ala yetu yana mlango wa nyuma. Mwezi wa Machi 2021 watangazaji wa kituo cha Homeboyz cha Nairobi walifanya mzaha juu ya msichana aliyesukumwa kutoka ghorofani, wakamtia yeye makosani. Watu walikasirika, lakini kilichowatikisa wenye kituo upesi ni kampuni ya East African Breweries kuondoa matangazo yake. Watangazaji wakafukuzwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakisimamisha kipindi miezi 6 na kutoza shilingi milioni 1. Tuone haya kidogo. Aliyewafunza watu adabu ya ulimi ni mwenye kiwanda cha pombe, na sisi wenye vitabu tulikuwa wapi?

Wako ndugu zetu, na baadhi yao ni wazee tunaowaheshimu, wanaosema dawa ni moja: tuiombe serikali ikifunge kituo. Sisi hatukubaliani nao. Serikali ilizima runinga za Citizen, NTV na KTN tarehe 30 Januari 2018, na nchi haikunyamaza kwa hilo. Watu walitafuta habari kwingine, palipo na mtambo wa kuchelewesha na pasipo nao. Kijana alisema kweli kwamba uchungu uliofungiwa hausemwi kwa sauti ya chini, husemwa gizani. Tena mkono unaofunga redio ya jirani leo, kesho utaijua njia ya msikitini. Na mkulima wa Mutha ambaye hana wakili wala mbunge wa kumsikiliza, akinyang'anywa na redio, atabaki na nini mkononi? Upinde.

Linalotutia uchungu zaidi ni jingine. Asubuhi ile ya ngamia hakuna Mwislamu hata mmoja aliyepiga simu. Waislamu wasemao Kikamba fasaha ni wengi, Kitui mjini, Mwingi, Kibwezi na Makindu. Wengi wao walikuwa wakisikiliza, na walituhadithia kila neno baada ya adhuhuri, kwa hasira. Suratun Nur imewauliza waumini kwa nini, walipousikia uwongo, hawakusema huu ni uzushi ulio wazi. Haikuwauliza kwa nini hawakukasirika.

Barua ya kituo imekwisha kuandikwa, kwa Kikamba, na vijana wawili wa darsa ndio walioiandika. Sisi tumeisahihisha adabu tu. Haiombi mtu afukuzwe. Inaomba kwamba swali la ngamia liulizwe upya, na liulizwe juu ya shamba na malipo. Kwamba waalikwe studioni mkulima aliyepata hasara, na mfugaji, na mtu wa ofisi ya kaunti ajibu. Na kwamba mpigaji atakayetaja dini au kabila la watu wasiokuwako akatwe ndani ya zile sekunde, awe Mkamba, awe Msomali, awe Mwislamu anayewatukana wengine. Kijana ametuahidi Jumanne ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Mwenye duka tuliyemtaja amekubali kwenda, ingawa mkewe hapendi. Wanaotaka kutia majina yao katika barua waje baada ya sala ya Ijumaa, nayo itakuwa kwa mwalimu wa madrasa. Na wanaojua Kikamba waje na simu zenye salio.